Ukubwa wa Meli na Safari ya Mbaazi za Babati

Meli za makontena hupimwa kwa idadi ya makontena ya futi 20 ambayo kila moja inaweza kubeba. La futi 40 huhesabiwa kuwa mawili. Mwaka 1956 Ideal X, meli ya mafuta iliyofanyiwa marekebisho, ilisafiri kutoka Newark hadi Houston nchini Marekani ikiwa na makontena 58. MSC Irina, iliyoanza kazi mwaka 2023, ina nafasi ya zaidi ya 24,000.

Kinachosukuma ukuaji huo ni gharama. Meli yenye nafasi maradufu haihitaji mabaharia maradufu, wala haichomi mafuta maradufu, hivyo nauli ya kila kontena hushuka. Lakini chombo chenye urefu wa mita 400 huhitaji maji yenye kina kikubwa na kreni zenye mkono mrefu, na bandari zenye vyote viwili ni chache. Majitu hayo hubaki hasa kati ya Asia na Ulaya. Meli za wastani yanazozing'oa kwenye njia hiyo huhamishiwa kwingine, na hivyo pwani ya Afrika Mashariki hupata meli kubwa kuliko ilizozoea bila kuyaona majitu yenyewe. Shehena nyingine hushushwa kwanza Salalah, Oman, au Jebel Ali, Dubai, kisha hupakiwa kwenye meli ndogo.

Dar es Salaam ilibanwa kwa muda mrefu na lango lake jembamba na kina cha maji. Mwaka 2017 ulianza mradi wa kuipanua kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 345, na gati namba 1 hadi 7 zikaongezwa kina. Mwaka 2024 bandari hiyo ilipokea MSC Adu V, yenye urefu wa mita 294, kipimo cha meli kubwa zilizopita katika malango ya zamani ya Mfereji wa Panama. Tanga ilikuwa na shida kubwa zaidi: meli zilitia nanga mbali na gati, mzigo ukasogezwa kwa matishari, kazi ya mara mbili kwa mzigo uleule. Kuchimbwa kwa njia ya meli na ujenzi wa gati zenye kina cha mita 13 kumewezesha meli kufunga gatini.

Babati, mkoani Manyara, haina bahari, ila mbaazi zake huvuka bahari. Mnunuzi mkubwa ni India. Ilipoweka ukomo wa uagizaji mwaka 2017, bei ilianguka na wakulima wa Manyara wakaumia. Tangu lami ya Dodoma–Babati ikamilike mwaka 2018, lori hushuka Dar es Salaam kupitia Dodoma na Morogoro. Njia nyingine hupita Arusha na Moshi hadi Tanga.

Kwa msafirishaji wa mbaazi, meli kubwa ina pande mbili. Nauli ya baharini inaweza kupungua. Hata hivyo, mzigo uleule ukibebwa na meli chache, safari nazo huwa chache, na kontena lililochelewa kufika gatini hungoja zaidi. Pia meli moja hushusha makontena mengi kwa mkupuo: yadi hujaa na foleni ya malori hurefuka. Kina cha maji kikiongezwa bila kreni, yadi, reli na barabara kuongezwa, kilichookolewa baharini huliwa nchi kavu, na anayelipa ni mkulima, kwa kuwa mnunuzi hukata gharama hizo kwenye bei ya gunia.