Saruji Haikauki: Ujenzi wa Banda la Gari kwa Awamu

Mtu ajengaye banda la gari kwa mikono yake mwenyewe hujenga kadiri apatavyo fedha: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, paa baadaye. Wilayani Same ujenzi wa namna hii una adui mmoja mwenye sura mbili: maji yanapokosekana na maji yanapozidi.

Husemwa kwamba saruji hukauka. La hasha! Saruji huungana na maji kikemia, na fuwele zinazotokea ndizo zishikamanishazo mchanga na kokoto. Mji wa Same uko upande wa Milima ya Upare usiopata mvua nyingi. Jua na upepo hunyonya maji ya tofali kabla kazi hiyo haijakwisha. Kwa hiyo matofali yafunikwe kwa magunia na kumwagiliwa maji kwa siku 7 au zaidi.

Huko Chome, chini ya kilele cha Shengena, hatari ni kinyume chake. Unyevu wa ukungu hupenya mifuko, na saruji huganda ikiwa ghalani. Mifuko iinuliwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na inunuliwe ile tu itakayotumika katika awamu moja.

Mwanafunzi aweza kuthibitisha haya. Tengeneza vitofali viwili vilivyo sawa: kimoja kiache juani, kingine kifunike kwa kitambaa chenye maji. Baada ya siku 7 vikwaruze kwa msumari. Ndipo utakapojua ni kipi kinachofaa kwa ukuta utakaosubiri paa miaka kadhaa.