Mfungo wa Ramadani na moyo wa mfanyakazi

Kila mwaka, Ramadani ikikaribia, wafanyakazi wanakuja dispansere kuuliza: «Muganga, kufunga kutaumiza moyo wangu?» Kwa mwenye moyo mzima, hapana. Wengine hata tansio yao inashuka kidogo, ila si wale wanaokula mafuta na chumvi usiku kucha.

Hatari ya kwanza ni maji. Afanyaye kazi karibu na tanuru anatoka jasho jingi, na kwa saa karibu 13 hanywi kitu. Maji ya damu yanapungua, tansio inaanguka, moyo unapiga mbio. Kizunguzungu kikimshika juu ya ngazi, je?

Hatari ya pili ni vidonge. Baba mmoja aliviacha tangu siku ya kwanza ya mfungo. Siku ya tisa aliletwa kwetu, kichwa kikimgonga, tansio 20 kwa 12. Dawa nyingi za tansio zinamezwa mara moja kwa siku, basi usiku unatosha. Lakini ile ya kukojoza, ukiimeza alfajiri, inakukausha mchana. Usibadili saa peke yako: njoo mbele ya mfungo, tupange.

Aliyeshikwa na moyo karibuni, au anayevimba miguu na kukosa pumzi akilala, asifunge. Dini yenyewe inamruhusu mgonjwa kulipa siku zake baadaye, na asiyetumainia kupona kulisha maskini.

Kifua kikikubana, usingoje jua lizame. Mwambie shefu wa ekipi, ufikishwe hospitali mara moja.