Kilo moja imeenda wapi?



Kisha kupata lisansi yangu ya agronomi, nilikaa miezi mingi nyumbani bila kazi. Yaya mumoja wa mu famiya akanipeleka ku depo ya mitraye, ni kusema vyuma vya zamani, hapa Lubumbashi. Kazi yangu: kupima, kuandika mu kitabu, kulipa. Wenzangu walicheka: « Agronome anafanya nini mu vyuma? » Lakini pale njo nilipata somo ambalo sikulipata ku auditoire.

Siku moja mutoto wa kama miaka 12 alileta mufuko wa alumini: makopo ya bia, vifuniko vya sufuria. Vyote safi, vikavu, vimekanyagwa vizuri. Mizani ikasema kilo 10. Nikaandika 9. Ile ilikuwa sheria ya patron: ku kila kilo 10, toa 1, juu ya uchafu. Mutoto aliangalia mizani, akaniangalia mimi: « Yaya, kilo moja imeenda wapi? » Sikukuwa na jibu.

Kilo ile iliibiwa na wateja wengine. Tuone namna wanafanya. Mwenye kuleta makopo anatia mchanga ndani, kisha anayaponda ili mchanga usitoke. Mwingine anaficha bulo ya chuma ndani ya sufuria iliyokunjwa. Chuma ni karibu mara tatu uzito wa alumini ya ukubwa ule ule, na bei yake ni ndogo sana: unanunua chuma kwa bei ya alumini. Mwingine analowesha mufuko na maji usiku, asubuhi mapema iko ku mlango. Ku shaba, wanaleta waya ambayo inje ni shaba, ndani ni alumini.

Mutu atasema: « Na wenye depo pia wanaharibu mizani yao! » Ni kweli, wako wanaofanya vile. Lakini mwizi wa upande mumoja hamufanye mwizi wa upande mwingine kuwa mutu wa haki. Na hesabu inaonyesha wazi nani anaumia.

Tuseme wateja kumi wanaleta kila mumoja kilo 20. Wawili kati yao wametia kilo 5 za mchanga. Ku kilo 200 zote, 10 ni mchanga. Patron hajui nani amedanganya, basi anakata wote sehemu moja ya kumi. Kila mumoja analipwa kilo 18. Angalia sasa: mwaminifu alileta kilo 20 za kweli, amepoteza 2. Mwongo alileta kilo 15 za kweli, amelipwa 18. Bado amepata faida ya kilo 3! Patron naye hajapoteza kitu: mchanga wa kilo 10 umemukuta, yeye amekata 20. Kumbe mchanga ule unalipwa na mutoto wa makopo safi.

Kesho mutoto ana njia mbili tu: aache kazi, ao na yeye atie mchanga. Mwanauchumi George Akerlof alieleza jambo hili mu mwaka 1970 kwa mufano wa soko ya motokari za zamani: kama munúnuzi hawezi kutofautisha kizuri na kibaya, bei moja inakuwa ya wote, na kizuri kinakimbia soko. Mu 2001 alipata Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili. Sisi ba agronome tunajua ile kitu ku mahindi. Kilo 100 za mahindi yenye maji 20 ku mia, ukiyakausha mupaka 14 ku mia, zinabaki karibu 93. Bila kupima maji, mulimaji aliyekausha vizuri analipia yule aliyeuza maji.

Lakini ku alumini kuko hatari kupita franga. Vitu vile vinaenda kwa mafundi wanaoyeyusha sufuria. Alumini inayeyuka ku digrii 660, na maji yanachemka ku 100. Kama kopo lililopondwa limefunga mchanga wenye maji ndani, na linazama mu alumini iliyoyeyuka, maji yale yanageuka mvuke mara moja, yanapanuka karibu mara 1.700. Chungu kinaruka. Alumini ya moto inamwagikia fundi ku uso na ku mikono. Mwenye kutia mchanga alifikiri anaiba patron. Kumbe anaweza kuchoma mutu ambaye hajawahi hata kumuona.

Dawa yake haiombe mashini ya bei. Mwaga mufuko wote chini ku bashi, mbele ya mwenyewe. Kunguta makopo, lile linalokuwa zito kupita wenzake, lipasue. Pitisha sumaku: chuma kinashika, alumini na shaba haishike. Kwaruza waya na kisu: kama ndani ni nyeupe, si shaba. Kilicholowana, kiache ku jua, kipimwe kisha. Kisha lipa kila mutu kilo zake za kweli, bila kukata wote. Wa 15 achukue 15, wa 20 achukue 20. Pale njo uongo unakosa faida.

Nilimuomba patron tujaribu. Alikubali ku alumini tu, juu inakamata wakati na watu wanalalamika ku mustari. Sasa ku alumini hatukate tena. Ku vingine bado tunakata.

Mutoto yule sijamuona tena. Kilo yake ya 10 iko bado mu kitabu changu, na mimi njo nilikataa kuiandika.