Bei Kama Mbeba Habari

Miongoni mwa hoja za wanauchumi wanaotetea soko huria, yaani mfumo ambamo wauzaji na wanunuzi hupatana bei wenyewe pasipo amri ya serikali, iliyo nzito kuliko zote ni ile aliyoitoa Friedrich Hayek, mzaliwa wa Vienna, katika makala yake ya mwaka 1945. Hayek alieleza kwamba maarifa ya kuendeshea uchumi hayakai mahali pamoja, bali yametawanyika kwa mkulima anayelijua shamba lake, kwa msafirishaji anayeijua barabara na kwa mwenye duka anayeujua mtaa wake, na kwamba bei ndiyo inayoyakusanya: inapopanda, humwarifu mzalishaji aongeze na mlaji apunguze, hata kama hakuna kati yao anayekijua chanzo cha uhaba.

Tanzania ilionja matokeo ya kwenda kinyume na hoja hiyo. Sheria ya mwaka 1973 iliweka tume ya taifa ya kusimamia bei, na bidhaa nyingi za kila siku zikapangiwa bei rasmi. Nia ilikuwa njema, kumkinga mnyonge dhidi ya mlanguzi. Na ni kweli kwamba ukame, kupanda kwa bei ya mafuta na Vita vya Kagera dhidi ya Uganda vya 1978–79 viliuumiza uchumi kwa namna ambayo tume yoyote isingeweza kuizuia. Hata hivyo, bei iliyofungwa haikuleta sabuni dukani: viwanda vilivyokwisha kukosa fedha za kigeni za kununulia malighafi vilikosa pia faida ya kuvisukuma, bidhaa zikaadimika, foleni zikarefuka, na kilichopatikana kikauzwa kwa magendo. Msako wa serikali wa mwaka 1983 dhidi ya walioitwa wahujumu uchumi, yaani walanguzi na waficha bidhaa, ulikamata watu lakini haukujaza maduka. Yalianza kujaa baada ya serikali, mwaka 1984, kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa.

Hata hivyo, kwa kuwa bei humsikiliza mwenye pesa tu, soko peke yake halimlishi asiye nazo. Hayek mwenyewe, katika kitabu chake cha 1944, alikubali kwamba serikali inaweza kumhakikishia kila mtu kiasi cha chini cha chakula, malazi na mavazi, naye Milton Friedman, mwanauchumi mwingine mtetezi wa soko huria, mwaka 1962, alipendekeza maskini waongezewe kipato kwa fedha taslimu. Njia hizo humsaidia mhitaji bila kuifunga bei mdomo, na kwa sababu hiyo ni bora kuliko bei ya amri. Hata bei kikomo za mafuta ambazo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, huzitangaza Tanzania kila mwezi hazipangwi kwa amri tupu, bali hukokotolewa kwa kufuata bei za soko la dunia na thamani ya shilingi.