Soseji, Juisi ya Unga na Namba za E

Nyama ya ng'ombe ikichemshwa kwa chumvi ya kawaida hugeuka kahawia. Soseji ikichemshwa hubaki na wekundu wake, kwa kuwa kiwandani ilitiwa nitraiti ya sodiamu, inayoandikwa E250 kwenye lebo. Kemikali hiyo huathiriana na mayoglobini, protini inayoipa nyama rangi. Lakini rangi ni faida ya pembeni tu. Kazi kubwa ya nitraiti ni kumzuia bakteria Clostridium botulinum, ambaye sumu yake hupoozesha misuli, hata ile ya kupumulia.

Ubaya wake uko kwingine. Nyama hiyo ikikaangwa kwa moto mkali, au ikifika tumboni penye asidi, nitraiti huweza kuzaa nitrosamini, na baadhi ya nitrosamini husababisha saratani. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka nyama iliyosindikwa katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Kula gramu 50 kila siku, takriban soseji moja, huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Hiyo si kusema walaji 18 kati ya 100 wataugua. Ni nyongeza juu ya hatari ambayo mtu anayo tayari, nayo ni ndogo.

Herufi E yenyewe si alama ya sumu, ingawa wengi huiogopa. E300 ni vitamini C, ileile ya kwenye chungwa, na wasindikaji huitia kwenye soseji ili kupunguza nitrosamini.

Rangi za juisi ya unga na peremende zina kesi nyepesi zaidi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, uliotolewa 2007, uliwapa watoto mchanganyiko wa rangi, ikiwemo tatrazini (E102), pamoja na kihifadhi benzoeti ya sodiamu (E211). Baadhi yao walionekana kuchangamka kupita kiasi. Ushahidi haukuwa mzito, lakini tangu 2010 Umoja wa Ulaya unadai onyo kwenye lebo ya vyakula vyenye rangi hizo.

Salfaiti, kihifadhi kingine, haina mjadala mrefu: huweza kumbana kifua mgonjwa wa pumu. Mwenye pumu na atafute namba E220 hadi E228 kabla ya kununua matunda makavu au mvinyo.