Kangaga Linapokosa Pumzi Chunguni

Kangaga la barazani likizidiwa, huonyesha dalili zinazompotosha mwenye nalo. Majani ya katikati hugeuka manjano, vijani vikavu hupukutika sakafuni kila mtu anapopita, na chungu kilichomwagiwa maji asubuhi huwa kikavu kabla ya adhuhuri. Mwenyewe huongeza maji. Wiki ikiisha, hali ni ileile.

Laza chungu ubavu, kigongegonge kingoni, kisha uvute mmea taratibu. Kitakachotoka ni bonge la mizizi lenye umbo la chungu chenyewe, na udongo karibu hauonekani. Maji yote yale yalikuwa yakipita pembeni, kati ya bonge na ukuta wa chungu, na kutokea tunduni. Kangaga lilikuwa na kiu huku kisahani chake kimejaa maji.

Wengi wetu hapo huogopa kuligawa bonge kwa kisu, tukatafuta chungu kikubwa mara mbili. Naona hilo ndilo kosa kubwa kuliko kuchelewa. Udongo mpya usio na mizizi hushika maji ambayo hakuna wa kuyanywa. Pembeni panaoza, na katikati ya bonge pamebaki pakavu.

Woga huo wa kisu hauna sababu. Aina inayopendwa sana barazani, yenye majani marefu yanayoning'inia, iligunduliwa Marekani mwaka 1894 katika shehena ya makangaga iliyotoka Philadelphia kwenda eneo la Boston, ikapewa jina la mji huo. Makangaga hayana maua wala mbegu. Huzaana kwa vumbi la spora linalotoka chini ya majani. (Vile vidoa vya kahawia vilivyojipanga sawasawa mgongoni mwa jani ndiyo maghala ya spora, si wadudu; usivipulizie dawa.) Lakini aina ya Boston haitegemei spora. Imesambaa duniani kwa kugawanywa, kwa miche inayochipua kwenye vikonyo vyake vitambaavyo, na siku hizi kwa kuoteshwa maabara. Lililoko kwako ni kipande cha kipande cha kangaga jingine.

Basi ngoja mvua zianze, hewa iwe na unyevu. Mwagilia siku moja kabla, kisha chukua kisu cha mkate, kwa kuwa meno yake hukata mizizi bila kuiponda. Bonge kubwa ligawe mara tatu au nne, usizidishe. Kila kipande kiwe na mizizi yake na kitovu chake, yaani pale yanapotokea machipukizi yaliyojikunja kama mkia wa kinyonga. Sehemu ya katikati iliyozeeka na kukauka, itupe bila huruma.

Chungu kipya kiache nafasi ya vidole viwili tu kuzunguka mizizi. Udongo mzito wa mfinyanzi peke yake haufai. Changanya udongo wa juu na mboji, vumbi la makumbi ya nazi na mchanga kidogo. Kitovu kibaki usawa wa udongo, kwani kikifukiwa huoza. Weka kivulini, penye mwanga usio wa jua kali. Baadhi ya majani yatakauka wiki za mwanzo, nawe yakate tu. Mbolea isubiri mpaka mikia mipya ya kinyonga ionekane, maana chumvi zake huunguza mizizi yenye majeraha.

Ila usichukue kisu kabla ya kutazama mmea wako unavyoota. Lipo kangaga jingine, lenye majani mapana yasiyochanika, yanayotoka yote kwenye kitovu kimoja na kujipanga kama kiota cha ndege. Hilo halina vipande vya kugawa. Likibanwa, lihamishie chungu kikubwa kidogo, kwa sababu ukipasua kitovu chake utakuwa umeliua.