Nani Analipia Kuhesabu Omena?

Kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31 kila mwaka, nyavu za omena upande wa Kenya wa Ziwa Victoria hutakiwa kupumzika. Mchuuzi wa Sori kule Migori, au wa Mbita, Homa Bay, huitambua miezi hiyo kwa bei ya gorogoro. Mvuvi naye huuliza, na ana haki ya kuuliza: nani aliyewaambia walioweka marufuku hiyo kwamba omena huzaa wakati huo?

Jibu ni kwamba kuna mtu aliyepasua matumbo ya omena mwezi baada ya mwezi, akatazama mayai, akapima urefu na uzito, akaandika. Kazi hiyo haina mbwembwe, na ndiyo sababu wafadhili huikimbia. Tena haikubali kufanywa mara moja ikaisha. Omena huishi mwaka mmoja au miwili tu, kwa hiyo hesabu ya miaka mitatu iliyopita inahusu samaki waliokwisha kufa au kukaangwa.

Kuwahesabu walio majini ni ghali zaidi. Meli ya utafiti hutuma mlio kuelekea chini, na kibofu cha hewa ndani ya samaki huurudisha kama mwangwi. Mbuta mkubwa hujibu peke yake, akaonekana wazi. Kundi la omena huonekana kama ukungu. Baadaye hutupwa wavu kuhakikisha ni samaki gani hasa waliojibu. Meli hiyo lazima izunguke ziwa zima, maana Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya maji hayo, na mbuta anayepita karibu na kisiwa cha Migingo, mpakani, haulizwi uraia.

Basi dizeli ya meli hiyo imekuwa ikilipwa na nani? Mwaka 1927 Mwingereza Michael Graham aliletwa kuchunguza kwa nini samaki aina ya ngege walikuwa wakipungua. Akapendekeza matundu ya nyavu yasipungue inchi 5. Kituo cha utafiti cha Afrika Mashariki kilianzishwa Jinja 1947. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, kila nchi ilibaki na lake, na Kenya ikaunda KMFRI, taasisi yake ya utafiti wa bahari na uvuvi, mwaka 1979. Kenya, Uganda na Tanzania zilikutana tena Kisumu 1994 na kukubaliana kuunda shirika la pamoja la uvuvi. Lakini fedha nyingi za kwenda ziwani zilitoka Umoja wa Ulaya na Benki ya Dunia, kwa miradi yenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Upimaji wa mwangwi ulifanyika 1999 hadi 2001, ukasimama, ukarejea 2005. Katika pengo hilo vizazi vya omena vilipita bila kuhesabiwa, na hakuna mradi unaoweza kurudi nyuma kuvihesabu.

Na fedha za ndani? Sheria ya sayansi ya Kenya ya 2013 inataka Mfuko wa Taifa wa Utafiti upewe asilimia 2 ya pato la taifa. Kiasi hicho hakijawahi kufikiwa.

Anayesahaulika kabisa katika hesabu hizi ni ochong'a, kamba mdogo wa ziwani. Samaki wadogo waitwao fulu walipoadimika, mbuta aligeukia ochong'a, hasa akiwa mchanga. Kumhesabu mbuta bila ochong'a ni kama kuhesabu ng'ombe bila kutazama malisho. Lakini ochong'a hapelekwi Ulaya kama minofu ya mbuta, kwa hiyo hana mtetezi.

Sidhani kaunti zinaweza kununua meli. Ila mizani zinaweza. Zinatoza ushuru wa samaki ufuoni, na sehemu ndogo ya ushuru huo ingetosha kumlipa kijana mmoja wa kamati ya ufuo, pale Muhuru, Sori, Sindo au Mbita, akae bandani siku kadhaa kila mwezi, apime samaki mashua zinapoingia na kuandika: nyavu za aina gani, saa ngapi majini, kilo ngapi. Na sahani moja ya ochong'a, kama wamo.